Kinda la njiwa hajifunzi kudonoa kwa kushindishwa njaa

Swali: Shikamoo daktari. Niko Tanga. Mwanangu wa darasa la tano aliokota kinda la njiwa chini ya paa la jirani, macho yamefunguka lakini mwili una vinyweleo vya njano tu. Tumemlea kwa uji mwepesi wa unga wa mahindi na maziwa ya ng'ombe, tunamlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Sasa kajaa manyoya, anaruka kutoka kiti hadi kiti, nadhani kafikisha mwezi. Shida ni kwamba hataki kula mwenyewe. Nikimmwagia mtama anaukanyaga tu, halafu ananijia mbio analia na kupigapiga mabawa. Jirani anayefuga njiwa kaniambia nimwache na njaa siku mbili, atadonoa mwenyewe. Moyo unasita. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa ulezi. Moyo umesita kwa haki. Usimshindishe njaa huyo kinda, hata siku moja. Jirani yako hasemi uongo kuhusu njiwa wa bandani kwake. Kinda anayelelewa na wazazi wake, wale wakubwa wakianza kumpunguzia chakula, hushuka chini walipo wenzake, akawaona wanadonoa, naye akadonoa. Wa kwako akishikwa na njaa atamwona nani? Anachojua yeye ni kwamba chakula kinatoka mkononi mwako na kwenye lile bomba, basi. Atakulilia wewe mpaka aishiwe nguvu, na kinda aliyeishiwa nguvu hana hata hamu ya kuchezea punje. Anayejifunza ni yule mwenye nguvu, aliyeshiba nusu.

Tena kuna jambo limejificha kwenye swali lako ambalo nadhani ndilo kiini. Kifaranga cha kuku hudonoa tangu siku zake za kwanza. Njiwa sivyo. Yai lake huatamiwa siku 17 au 18, na anayetoka humo ni kiumbe kipofu, karibu uchi, asiyeweza hata kusimama. Wiki ya kwanza hulishwa kitu ambacho ndege wachache sana duniani wanacho: maziwa ya njiwa. Hayatoki kwenye titi. Hutengenezwa na ukuta wa gole, ule mfuko wa chakula ulio mbele ya kidari chini ya shingo, kwa amri ya homoni iitwayo prolaktini, na baba hutoa sawa na mama. Homoni hiyo hiyo ndiyo inayoleta maziwa kwa mama anayenyonyesha, na walioipa jina ni Oscar Riddle na wenzake huko Marekani miaka ya 1930, wakiichunguza kwenye magole ya njiwa. Maziwa hayo ni mazito, yamejaa protini na mafuta, na sukari ya maziwa ya ng'ombe haimo.

Baada ya wiki moja hivi, wazazi huanza kuchanganya punje zilizolainika ndani ya gole. Zinaongezeka siku hadi siku, hata akifika wiki ya tatu kinda anapokea karibu punje tupu. Kwa hiyo kinda wa bandani anazijua punje tumboni kabla hajazidonoa kwa mdomo wake. Gole lake limeshazoea kuzilowesha, firigisi imeshazoea kuzisaga. Wa kwako mpaka leo anajua uji peke yake. Unapommwagia mtama, kwake ni mchanga wa rangi nyingine. Hajakataa chakula, hajajua kwamba hicho ni chakula.

Ndiyo maana ninakuomba kazi hii uifanye kwa hatua mbili: kwanza punje ziingie tumboni kwa mkono wako, ndipo umfundishe kuziokota mwenyewe.

Kabla ya yote, hakikisha umri. Mwinue bawa taratibu utazame kwapani. Manyoya ya hapo huwa ya mwisho kuota. Ukikuta ngozi tupu, au vijiti vya manyoya ambavyo bado havijafunguka, huyo hajafika, mpe siku kadhaa zaidi za kulishwa bila kumdai kitu. Vile vinyweleo vya njano vya utotoni vikiwa vimebaki vichache tu kichwani na shingoni, na kwapa limefunikwa, yuko kwenye wiki ya nne au ya tano, na huo ndio wakati wenyewe. Njiwa wengi hushika kula wenyewe kati ya siku ya 28 na ya 40. Waliolelewa kwa mkono huchelewa kidogo, usiogope.

Maziwa ya ng'ombe acha leo. Tumbo la ndege haliwezi kuvunja sukari ya maziwa, huishia kumharisha. Uji wa mahindi peke yake nao ni wanga mtupu, umempa nguvu lakini hauna cha kutosha cha kujengea mifupa na manyoya. Mkate, chapati, ugali, mabaki ya wali yenye chumvi, vyote weka mbali. Na parachichi kabisa usimpe, kwa ndege lina sumu.

Mpe njegere. Hapo Tanga huna shida, njegere mbichi kutoka Lushoto zinashuka sokoni. Chukua zilizomenywa, zipitishe kwenye maji ya moto mpaka zilainike kidogo, kisha ziache zipoe ziwe vuguvugu. Mfunge njiwa kwenye kipande cha kanga mabawa yatulie, umkalishe mapajani mgongo wake ukiegemea tumbo lako. Kwa kidole gumba na cha shahada fungua mdomo wake pembeni, polepole, maana mdomo wa kinda bado laini. Weka njegere moja, isukume ipite nyuma ya ulimi, achia. Ukiiweka mbele ya ulimi ataitema. Nyuma ya ulimi, chini katikati, utaona kitundu kinachofunguka na kufunga: hiyo ni njia ya pumzi. Njegere nzima haiingii humo, lakini maji na uji huingia, na ndiyo sababu napenda njegere kuliko bomba kwa mtu asiye na uzoefu. Siku ya kwanza atapigana nawe. Siku ya tatu atakuwa anapokea bila kupigana.

Njegere 30 hivi kwa mlo, mara tatu kwa siku, zinamtosha njiwa wa umri huo mwenye mwili wa kawaida, lakini mwisho wa maneno uko kwenye gole. Lipapase kabla ya kumlisha na baada. Likiwa na njegere utazisikia chini ya ngozi, zinateleza vidoleni. Acha likiwa limejaa na bado linabonyea. Usimwongeze mpaka likaze.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu changanya na choroko na dengu zilizolowekwa usiku kucha, kisha uwele na mtama uliolowekwa. Joto la pwani hilo, chakula kilicholowekwa huchacha haraka, kwa hiyo kioshe kwa maji safi asubuhi na ukimwage kikikaa nje zaidi ya saa mbili. Maharage makavu usimpe hata yakilowekwa, yakiwa mabichi yana sumu.

Sasa somo lenyewe la kudonoa. Lifanye asubuhi, gole likiwa limeisha chakula cha jana. Hiyo njaa ya kuamka nayo inatosha, huhitaji kumwongezea nyingine. Tandika kitambaa cha rangi moja sakafuni, cheupe au cha samawati, kanga yenye maua mengi itamchanganya. Juu yake weka sinia la bati na punje ndogo: uwele, mtama, mchele, choroko chache. Mkalishe mbele yake, kisha kidole chako kiwe mdomo wa njiwa: gonga sinia kwa ukucha, okota punje, iachie, gonga tena. Mlio wa bati unamwita. Njiwa ni ndege wa kundi, akiona kitu kinagongagonga chini, shingo inamvuta kutazama.

Halafu kuna ujanja mmoja unaotokana na maumbile yake. Makinda ya ndege wengi huachama wakisubiri kutiliwa. Kinda la njiwa huchomeka mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kuchokoa humo. Wa kwako anakufanyia hivyo, bila shaka, anachomeka mdomo katikati ya vidole vyako. Basi jaza punje kwenye kiganja, kifumbe kiasi, umwachie nafasi kati ya kidole gumba na cha shahada. Atachomeka mdomo, atakutana na punje, ataupigapiga humo, na moja au mbili zitapita kooni. Kikombe kidogo cha kahawa kilichojazwa punje mpaka juu hufanya kazi hiyo hiyo. Ninawaambia watu waanze na kikombe kabla ya sinia, kwa sababu kwenye kikombe hata akikosea anapata kitu.

Utamwona anaokota punje, anaitikisa, inaanguka. Anaokota nyingine, inaanguka. Wengi hapo hukata tamaa wakasema hataki. Mama, hapo ndipo anaposoma! Anajifunza kuibana kwa ncha ya mdomo, kisha kuirusha nyuma mpaka kooni, na hayo ni mambo mawili tofauti. Inaweza kumchukua siku tatu, inaweza kumchukua wiki nzima akiokota na kuangusha. Robo saa inatosha kwa somo moja, kisha mlishe.

Na unapomlisha, usimpeleke kwingine. Mlishe hapo hapo kwenye sinia, punje zikiwa mbele ya macho yake. Watafiti waliochunguza makinda ya hua walikuta kwamba kudonoa hakuji kwa umri peke yake: kinda huunganisha sura ya punje na kule kushiba, na wale wanaolishwa huku punje wakiziona huanza kuzidonoa mapema kuliko wasiozihusisha na mlo. Kwa hiyo kila njegere unayomtia mdomoni iokote kutoka kwenye sinia lile lile analoliona. Hilo ni somo kuliko siku mbili za njaa.

Kama jirani yako yuko tayari kuazima njiwa mmoja mpole, au kukubali umpeleke wa kwako kila asubuhi akakae kwenye tundu la waya pembeni ya banda wakati wenzake wanakula, fanya hivyo. Hakuna mwalimu kama njiwa. Muhimu watenganishwe na wavu kwanza, maana njiwa wakubwa hudonoa kichwa cha mgeni bila huruma, na magonjwa nayo hupita kwenye chombo cha maji. Usimpeleke kwenye banda lenye njiwa wanaopinda shingo, wanaoharisha au wenye vipele vya ndui miguuni na mdomoni.

Maji yanastahili maneno yake. Njiwa hanywi kama kuku, anayechota na kuinua kichwa. Njiwa hutumbukiza mdomo na kufyonza. Bakuli liwe na maji ya kina cha sentimita mbili au tatu, lizito lisipinduke. Wa kwako alikuwa anapata maji yake ndani ya uji, kwa hiyo unapomhamisha kwenye punje ana hatari ya kukaukiwa kabla hajajua bakuli ni nini. Mshike kichwa kwa upole, uelekeze mdomo majini bila kufunika matundu ya pua yaliyo chini ya kile kinundu cha juu ya mdomo, umwachie. Mara ya pili ya tatu utaona koo linacheza: anafyonza. Rudia baada ya kila mlo mpaka umwone akienda mwenyewe. Maji usimmiminie kooni kwa bomba.

Sasa kupunguza. Hapa nakuomba utafute mizani ya jikoni inayosoma gramu, na kazi ya kupima mpe mwanao. Kila asubuhi kabla ya kula, njiwa kwenye kibakuli, namba kwenye daftari. Bila mizani utabahatisha, kwa sababu manyoya hudanganya, kinda anaweza kuonekana mnene na ndani ni mifupa. Endelea na milo mitatu mpaka uhakikishe anameza punje kadhaa mwenyewe. Kisha ondoa mlo wa mchana peke yake, sinia liwe linabaki mbele yake. Papasa gole saa kumi jioni: ukisikia punje kavu humo, hizo kaokota mwenyewe. Uzito ukisimama siku mbili tatu, punguza mlo wa asubuhi nusu, kisha uondoe. Mlo wa jioni uwe wa mwisho kuondoka. Usiku ni mrefu, na kinda asilale gole likiwa tupu.

Kupungua kidogo wakati wa kuachishwa ni kawaida, hata bandani hutokea. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa juu, rudisha mlo uliouondoa, siku hiyo hiyo. Huku si kushindwa wala hakumharibii tabia. Papasa pia mfupa wa kidari: ukichongoka chini ya kidole kama mgongo wa kisu, amekonda. Na tazama kinyesi. Kilicho kizuri ni donge dogo la kahawia au kijani iliyofifia lenye doa jeupe juu. Kinyesi kidogo cha kijani kibichi chenye majimaji kwa njiwa asiyekula ni dalili ya njaa.

Akishakula mwenyewe kabisa, chakula chake cha siku ni kama gramu 30 za punje kavu zilizochanganywa: mtama, uwele, mahindi yaliyovunjwa, ngano, na sehemu ya nne hivi ziwe za jamii ya kunde, yaani choroko, dengu au njegere kavu. Alizeti kidogo tu, ina mafuta mengi. Hapo ndipo umwekee na changarawe ndogo na maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kupondwa. Hana meno, kokoto ndizo zinazosaga punje kavu kwenye firigisi, na maganda humpa chokaa ya mifupa. Uji ungekuwa bado chakula chake, kokoto zisingekuwa na kazi.

Yapo mambo ambayo hupaswi kuyasubiri. Gole ambalo asubuhi bado limejaa chakula cha jana, au linalonuka uchachu ukisogeza pua mdomoni mwake: usimwongezee chakula juu yake, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo. Utando au vidonge vya njano ndani ya mdomo au kooni: hiyo mara nyingi ni trikomonasi, ugonjwa wa kijidudu ambacho njiwa wengi hukibeba kooni na kuwaambukiza makinda kupitia maziwa ya gole. Kinda mwenye ugonjwa huo anaweza kudonoa kwa hamu kisha akatema kila punje, kwa sababu koo limeziba, na mwenyewe ukadhani hajui kula. Kwa hiyo kabla hujaanza masomo, mfungue mdomo mchana mbele ya dirisha uangalie vizuri ndani. Dawa ipo na inaponya ikiwahi, lakini kipimo hutegemea uzito wake, usimkatie kidonge cha binadamu kwa kukisia. Kinda aliyejikunyata, kavimbisha manyoya na kufumba macho mchana, huyo ana baridi au mgonjwa. Mpashe joto kwanza. Ndege aliyepoa hawezi kusaga chakula.

Na ninyi mnaomshika, mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, sinia lake lisirudi jikoni, na vumbi la kinyesi msilifagie likiwa kavu, linyunyizieni maji kwanza.

Umeuliza kuhusu kula tu, lakini najua swali linalofuata, kwa sababu mwanao ataliuliza: je, aachiwe? Asiachiwe siku ile ya kwanza anayodonoa. Akae angalau wiki mbili akila na kunywa bila msaada, uzito ukiwa umetulia, akiruka mpaka juu ya kabati bila kuhema. Hata hapo, njiwa aliyelelewa na mkono wa mtu hajui kunguru ni nani, hajui paka, hajui mwewe. Kunguru weusi wa Tanga unawafahamu, kinda asiye na wenzake humtoa roho mchana kweupe. Pa kumpeleka ni kwenye banda la jirani, si barabarani. Ahamie kwanza kwenye lile tundu la waya ndani ya banda kwa wiki moja, awaone nao wamwone, ndipo wavu uondolewe jioni wakati wote wanataka kulala, wakati ugomvi ni mdogo. Mwambie jirani asimtoe nje mpaka awe amelala humo wiki mbili tatu, apazoee kama kwao, na siku za mwanzo mwanao aende kumpima na kulipapasa gole lake jioni, maana kwenye sinia la wengi mgeni huwa wa mwisho kupata nafasi.